Majani mengi, mizizi hakuna: kisa cha pingili 16 za bogenvilia

Bogenvilia ya jirani ilipopogolewa, matawi yalirundikwa pembeni yakisubiri kuchomwa. Mwanamke mmoja mpenda maua akayaomba, akakaa chini na mkasi wake, akapata pingili 16: 12 za zambarau na 4 za aina nyekundu yenye maua ya tabaka nyingi. Ilipofika wiki ya tatu pingili nyingi zilikuwa zimechipua, na yeye alishaanza kuwaahidi watu miche. Ilipofika wiki ya tano, kila pingili iliyowahi kuchipua ilikuwa imekufa, isipokuwa moja iliyokuwa kwenye glasi ya maji, nayo haikufika mbali. Zilizobaki hai zilikuwa kwenye makopo nyuma ya nyumba. Hizo alishazikatia tamaa, kwa sababu hazikuwa na hata jani moja.

Aliniletea mabaki kwenye mfuko, pamoja na picha alizokuwa akipiga tangu siku ya kwanza. Picha zilinisaidia kuliko maelezo, maana mtu akisimulia jambo lililomuuma husimulia kile anachodhani ndicho kilichomponza. Lakini swali lake lilikuwa zuri, na ndilo lililonifanya nikae na mabaki yale badala ya kumpa ushauri wa juu juu: "Kaka, kama mizizi haikuwapo, yale majani yalikuwa yanakula nini?"

Yaliyofanyika

Pingili nane alizipanda kwenye beseni pana la plastiki, kina chake kama sentimita 10. Alilitoboa chini, akatandaza kokoto, akajaza udongo wa bustani uliochanganywa na samadi iliyooza. Nne alizipanda moja moja kwenye makopo marefu yenye mchanga wa punje kubwa na chenga za mkaa. Nne zilizobaki alizisimamisha kwenye glasi ya maji dirishani. Hakutumia homoni ya kuotesha mizizi. Ncha za chini alizichovya kwenye unga wa mdalasini kwa ushauri wa rafiki. Vyombo vyote vilikaa kivulini. Beseni lilimwagiliwa kila jioni bila kukosa. Makopo yalipata maji pale yalipokumbukwa.

Kuna jambo ambalo hakulitaja lakini picha zinalionyesha wazi. Pingili za beseni zilikatwa sehemu za juu za matawi, nyembamba, za kijani, baadhi zikiwa na macho yaliyokwisha kufura. Za makopo zilitoka chini zaidi, kwenye shina lililokomaa, lenye gome la kijivu na unene wa penseli. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha beseni na makopo akumbuke kwamba vyombo havikuwa tofauti pekee; hata umri wa shina ulitofautiana. Nalisema mapema kwa sababu ni rahisi sana kutoka kwenye kisa hiki na hukumu moja nyepesi, kwamba mchanga ni mzuri na udongo ni mbaya.

Mwisho wa wiki ya tatu aling'oa pingili zote nane za beseni, zote zikiwa na majani, akazihamishia kila moja kwenye chungu chake. Vyungu vitano alivitilia punje chache za mbolea ya chumvichumvi. Vitatu vikakosa, mbolea ilikuwa imemwishia. Kisha akavipanga vyote juani, maana bogenvilia inajulikana kuwa mmea wa jua. Siku ya pili majani yakalegea, akamwagilia. Siku ya tatu yakalegea zaidi, akaongeza maji. Wiki haikuisha kabla majani hayajaanza kukauka yakiwa bado yameshikilia shina.

Washtakiwa

Kila aliyekuja kutazama alikuwa na mshtakiwa wake. Mmoja alisema mbolea imeunguza. Mwingine alisema jua. Wa tatu akalaumu samadi, na akatokea mtu wa kusema kwamba kuna mikono ambayo maua hayaikubali. Huyo wa mwisho tumwache.

Mbolea inaachiwa huru mapema. Vyungu vitano vilitiwa na vitatu havikutiwa, na vyote vinane vilikufa kwa kasi ileile. Ni kweli kwamba mbolea ya chumvichumvi ikizidi huufanya udongo uyashike maji kwa nguvu hata mmea ushindwe kuyavuta, na ni kweli pia kwamba pingili isiyo na mizizi haina cha kulia mbolea hiyo. Haikuwa na faida yoyote pale. Lakini haikuua.

Jua lina kesi ya kujibu, ila si kwa pingili zote nane. Ili kuona ni zipi, ilibidi niyaoshe mabaki, niyapange juu ya karatasi na kuyakwangua gome moja baada ya jingine.

Vifo viwili

Tano zilikuwa nyeusi chini, laini, zikinuka, na gome lilivuka lenyewe nilipolivuta. Weusi ulikuwa umepanda sentimita mbili, tatu, na kwenye moja zaidi ya nusu ya shina. Juu ya weusi huo, nilipokwangua, bado kulikuwa na kijani.

Tatu zilikuwa kinyume kabisa. Sehemu ya chini ilikuwa ngumu na safi, na kuzunguka mkato palikuwa na uvimbe mweupe, wa vipuli vipuli, ambao wengi wanauona na kufurahi wakidhani ni mizizi inaanza. Mzizi haukuwapo hata mmoja. Huku juu gome lilikuwa limenywea na kukunjamana, na chini ya gome rangi ilikuwa ya udongo.

Kwa hiyo kwenye zile tano kifo kilipanda kutoka chini, na kwenye zile tatu kilishuka kutoka juu. Kwa mtu anayetazama majani tu, vifo hivi viwili vinafanana: jani linalegea, linakunjamana, linakauka. Ndiyo maana dawa ilikuwa moja, maji, na haikufaa upande wowote. Pingili zilizokuwa zikioza ziliongezewa kile kilichokuwa kikiziozesha. Zile tatu zilikuwa na kiu katikati ya udongo uliolowa, kwa sababu hazikuwa na mlango wa kuyaingizia maji hayo.

Ukitenganisha vifo hivi, kesi ya jua inanyooka. Zile tano zingekufa hata kama zingebaki kivulini. Kuoza kulikuwa kumeanza ndani ya beseni na kuhamishwa kulikuja baadaye. Zile tatu zilikuwa na nafasi. Kilichoziua ni kung'olewa na kupelekwa juani zikiwa bado hazina mzizi.

Majani yalikuwa yanakula nini

Shina la bogenvilia lililokomaa limebeba wanga ndani yake, na macho yake yaliumbwa zamani, kabla mkasi haujafika. Tawi likiwa bado mtini, ncha yake hutengeneza homoni ya oksini inayoshuka kuelekea chini na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Kata ncha, kizuizi kimeondoka. Macho yanaamka, wanga unavunjwa kuwa sukari, na maji yaliyomo ndani ya shina yanatumika kulitanua jani. Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji mzizi. Pingili ni msafiri aliyeondoka na masurufu yake: akionekana anakula siku tatu za kwanza, hiyo haimaanishi kwamba kuna mtu anampikia.

Mkato wenyewe pia hunywa kidogo. Mirija ya zailemu, ile inayopandisha maji ndani ya shina, ikiachwa wazi chini inaweza kuvuta maji kwa siku kadhaa, na hapo ndipo udanganyifu unapokamilika, maana jani linaonekana limesimama imara. Baadaye mirija huziba kwa bakteria na kwa gundi ambayo mmea wenyewe hutoa kufunga jeraha. Kwa hiyo uwezo wa kunywa unapungua siku zilezile ambazo majani yanaongezeka na kupoteza maji zaidi. Kivulini, hewa ikiwa na unyevu, pingili inaweza kuvuka kipindi hicho. Ikipelekwa juani, joto la jani linapanda, hewa inakauka, na hesabu inakataa ndani ya siku mbili. Picha zake zinaonyesha hivyohivyo, siku mbili.

Kuna aliyeniuliza, niliposimulia kisa hiki, kwa nini basi tusikwanyue kila jani linalotokeza mpaka mizizi itoke. Hapana. Jani dogo kwenye mwanga wa kivuli linatengeneza sukari yake, na jani changa na jicho vinatengeneza oksini inayoshuka na kukusanyika kwenye mkato, ambako inahitajika. Oksini ndiyo inayozifanya chembe hai (seli) zilizo karibu na kambiamu, ule utando mchanga ulio chini ya gome, na floemu, mirija inayoshusha sukari, ziache kazi yake ya kawaida na kuanza kujenga mzizi, ambao hatimaye hutoboa gome na kutokeza nje. Kwenye mimea mingi mzizi huo na ule uvimbe mweupe wa jeraha ni mambo mawili yanayotokea jirani tu. Uvimbe unaweza kuwa mkubwa na mzizi usije. Mzizi unaweza kuja pasipo uvimbe wa kuonekana.

Na kazi hiyo ina muda wake. Bogenvilia, sehemu ya chini ya pingili ikiwa kwenye joto la nyuzi 21 hadi 25 hivi, huchukua wiki 4 hadi 8 kutoa mizizi ya kutosha, na aina ngumu hufika 12. Majani ya wiki ya pili hayana habari yoyote ya kumpa mtu kuhusu kinachoendelea chini.

Yapo lakini majani yenye habari, na picha zake, ukizipanga kwa tarehe, zinafundisha namna ya kuyasoma. Majani ya masurufu hutoka upesi, matatu au manne kwa kila jicho, madogo, kijani chake kimepauka, na vifundo vimesogeleana. Halafu yanasimama. Picha ya siku ya kuhamisha na ile ya siku chache kabla yake hazina tofauti: urefu uleule, idadi ileile. Pingili iliyopata mizizi hutulia kwanza, kisha huanza upya, na safari hii kila jani ni kubwa kuliko lililotangulia, kijani kimeiva, na umbali kati ya kifundo na kifundo umerefuka. Chipukizi la kwanza mtu alitazame tu. Hilo la pili ndilo la kulipangia safari.

Beseni

Kwa nini tano zioze na tatu zibaki safi ndani ya chombo kimoja, udongo mmoja, mkono mmoja? Nilimwomba anionyeshe alivyozipanda. Zile ndefu alizisukuma mpaka zikagusa kokoto, ili zisimame imara. Fupi ziliishia katikati ya udongo. Weusi ulikuwa kwenye zile ndefu.

Maji yakimwagwa kwenye chombo hayatoki yote hata kikitobolewa vizuri. Chini hubaki tabaka lililojaa maji kabisa, lililoshikiliwa na vitundu vidogo vya udongo, na unene wa tabaka hilo unategemea aina ya udongo zaidi kuliko ukubwa wa chombo. Udongo mzito wenye samadi hushikilia tabaka nene, mchanga wa punje kubwa hushikilia jembamba. Weka udongo mzito kwenye beseni la sentimita 10 na sehemu kubwa ya kimo chake itakuwa bwawa. Kopo refu lenye mchanga lina bwawa dogo chini kabisa na hewa juu yake.

Kokoto hazikusaidia, zilidhuru. Ni imani iliyozoeleka kwamba zinapitisha maji, lakini maji yaliyo ndani ya udongo wa vitundu vidogo hayashuki kwa urahisi kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto. Yananing'inia juu yake mpaka udongo ulemewe. Matokeo yake ni kwamba bwawa lilelile limeinuliwa juu, karibu zaidi na pingili. Ukitaka chombo kipitishe maji, badilisha kilichomo chote, usitandaze kitu chini.

Ndani ya bwawa hilo oksijeni husafiri polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko hewani. Chembe zinazojaribu kujenga mzizi hupumua kwa nguvu, na zikikosa oksijeni hufa. Wanaofaidi ni viumbe vinavyopenda maji yaliyotuama, Pythium kwa mfano, ambavyo huingia kupitia jeraha. Samadi na udongo wa bustani huwa navyo tayari. Mdalasini unaweza kuzuia baadhi ya kuvu juu ya jeraha, sina ugomvi na hilo, ila hauna nguvu ya kupambana na beseni linalomwagiliwa kila jioni, wala si homoni ya mizizi kama watu wanavyoambiana. Asali ni vivyo hivyo.

Glasi na makopo

Glasi ya maji haina mengi. Pingili tatu zilioza. Moja ilitoa mizizi miwili myeupe, naye akaipanda kwenye udongo akiukandamiza kwa vidole ili isimame. Nilipoichimbua mizizi yote miwili ilikuwa imekatika palepale ilipotokea. Mizizi ya bogenvilia huvunjika upesi hata ile iliyolelewa kwenye udongo; iliyolelewa majini ni dhaifu zaidi na haijazoea kusukumana na punje za mchanga. Mmea huu unaweza kuoteshwa kwenye maji, wapo wanaofanikiwa, lakini mtu atakuwa amechagua njia yenye hatari mbili kwa faida moja ya kuona kinachotokea.

Makopo ndiyo yenye maelezo. Katika wiki ya sita mawili yalichipua, wiki ambayo mwenyewe alikuwa anataka mchanga wake kwa kazi nyingine. Kwa bahati hakuyamwaga. Wiki ya tisa mizizi ilichungulia kwenye matundu ya chini. Macho ya shina lile kuukuu yalichelewa kuamka, na kule kuchelewa kuliipa pingili nafasi: wanga haukutumika mapema kwenye majani, maji hayakupotea, na mizizi ikapata muda wake.

Kopo la tatu halikutoa kitu. Nilipoikagua pingili yake niliona kovu la jani likiwa juu ya mwiba. Kwenye bogenvilia mwiba hutoka kwenye kwapa la jani, kwa hiyo kovu hukaa chini yake siku zote. Ukiliona juu, pingili imegeuzwa kichwa chini. Oksini ina mwelekeo wake ndani ya shina na haijali sisi tumelisimamisha vipi. Ilikuwa ikikusanyika kwenye ncha iliyokuwa hewani, inakauka. Kosa hili ni la kawaida sana mtu akikata pingili nyingi kwa mkupuo, na kinga yake ni kuamua mapema kwamba chini pakatwe mshazari na juu pakatwe sawasawa, basi hata zikichanganyika mezani zinajitambulisha.

Kopo la nne lilikuwa na pingili nyekundu. Tutalirudia.

Mzunguko wa pili

Bogenvilia ya zambarau ilikuwa bado ipo ukutani, kwa hiyo alianza tena, na safari hii tulikubaliana kubadilisha mambo machache tu yanayotokana na ushahidi, tusibadilishe kila kitu.

Shina: lililokomaa kiasi, si ncha ya kijani wala mti mkavu uliozeeka, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, lenye vifundo vinne au vitano, limekatwa chini kidogo ya kifundo kwa mkasi uliosafishwa. Machipukizi marefu yanayokimbia juu kwa kasi yaliachwa. Yana maji mengi na wanga kidogo. Majani yote ya chini yalikwanyuliwa.

Chombo: vikombe virefu vya plastiki inayopitisha mwanga, vimetobolewa, vimejazwa mchanga wa punje kubwa na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba uliotanuliwa kwa joto) nusu kwa nusu, kila kimoja kikiwa ndani ya kikombe kingine cheusi kinachoweza kuvuliwa. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana inampa mtu dirisha bila kumpa sababu ya kung'oa. Pingili iliingizwa theluthi ya urefu wake, ikaachiwa nafasi ya vidole viwili au zaidi kutoka chini ya kikombe. Mchanga ulilowanishwa kabla, na baada ya hapo maji yalitolewa pale tu uso ulipoanza kukauka.

Homoni: unga wa asidi ya indoli-butiriki wa nguvu ya 0.3%. Wanasayansi wa Boyce Thompson Institute nchini Marekani, Zimmerman na Wilcoxon, walionyesha mwaka 1935 kwamba asidi hiyo huamsha mizizi, na mpaka leo hakuna kitu cha jikoni kilichoipita. Kwa zambarau si lazima. Inaongeza idadi ya mizizi na kupunguza kusubiri, lakini pingili mbili za makopo zilikwisha kuonyesha kwamba mmea unajiweza.

Hewa: mfuko mwepesi usio na rangi juu ya vikombe, umeegemezwa kwenye vijiti usiguse majani, unafunguliwa dakika chache kila siku. Mahali ni pa mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua. Ndani ya mfuko uliofungwa jua la saa moja linatosha kuzipika pingili zote, na nimeona watu wakimaliza kazi ya mwezi mzima kwa namna hiyo.

Majani yalitoka wiki ya pili, kama kawaida. Hakuyagusa. Alikuwa akivua kikombe cheusi mara moja moja na kuchungulia. Uzi mweupe wa kwanza ulionekana kwenye ukuta wa kikombe wiki ya tano, na hata hapo nilimsihi asubiri, kwa kuwa mzizi mmoja ambao haujatoa matawi ni mzizi wa kukatika. Alihamisha pale mizizi ilipokuwa imezunguka kikombe na chipukizi la pili limeanza kurefuka. Hakuvuta: alikikata kikombe ubavuni kwa mkasi, akaliweka donge lote la mchanga kwenye shimo lililokwisha kuandaliwa, akalifukia bila kukandamiza, akamwagilia ili maji ndiyo yaushushe udongo. Siku kumi na kitu kivulini mfuko ukiachwa wazi zaidi kila siku, kisha jua la asubuhi, kisha jua kamili. Mbolea ilikuja baada ya hapo, nusu ya kipimo. Zaidi ya nusu ya pingili za mzunguko huu ni miche sasa. Zilizokufa zilioza, na zote zilikuwa nyembamba kuliko penseli.

Nyekundu

Pingili za aina nyekundu zilikuwa nne, tatu kwenye beseni na moja kwenye kopo. Za beseni zilikuwa miongoni mwa zilizooza. Ile ya kopo ilikaa miezi mitatu ikiwa kijani chini ya gome, bila mzizi, bila jani, na mwishowe ikanywea. Sidhani kwamba matunzo ndiyo yaliyokosekana pale. Bogenvilia hazilingani. Zambarau za jamii ya Bougainvillea glabra huota kwa urahisi. Nyekundu nyingi, hasa zenye tabaka, zimetoka kwenye ukoo wa Bougainvillea × buttiana, mchanganyiko wa glabra na peruviana, nazo ni wagumu wa mizizi mpaka basi.

Na haziwezi kupatikana kwa mbegu. Kile tunachokiita ua kwenye bogenvilia ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kirija cheupe cha katikati. Kwenye aina za tabaka nafasi ya kirija imechukuliwa na majani mengine ya rangi, mbegu haipo. Hata aina nyekundu isiyo ya tabaka iitwayo 'Mrs Butt', iliyochukuliwa Cartagena nchini Kolombia mwaka 1910, imezunguka dunia ya joto kwa njia ya mashina tu. Kila uionapo unaona kipande cha mti uleule.

Kwa nyekundu kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuongeza nguvu ya homoni mpaka 0.8%, na kulikwangua gome upande mmoja wa chini, sentimita mbili hivi, ili oksini ifike kwenye chembe zilizo hai. Matokeo yake huwa ya kubahatisha. Ya pili, ambayo wauza miche wengi huitumia, ni kuipandikiza juu ya shina la zambarau lililokwisha kuota. Ya tatu ndiyo niliyomshauri, kwa kuwa inaondoa tatizo lote la masurufu: kuotesha mizizi tawi likiwa bado kwa mama yake. Unachagua tawi la unene wa penseli au zaidi, unaondoa pete ya gome yenye upana wa sentimita mbili hadi tatu, unakwangua ute wa kambiamu ili gome lisijifunge tena, unapaka homoni ukingo wa juu wa pete, unazungushia vumbi la kumbi za nazi lililolowa na kukamuliwa, unafunga kwa plastiki na kukaza ncha zote mbili.

Zailemu iko ndani zaidi ya gome, haijaguswa, kwa hiyo maji yanaendelea kupanda na majani hayalegei. Floemu imekatwa, kwa hiyo sukari na oksini zinazoshuka hukwama kwenye ukingo wa pete, mahali penyewe tunapotaka mizizi. Tawi linaweza kungoja muda wowote. Mizizi ikionekana kupitia plastiki na ikiwa imetoa matawi, tawi linakatwa chini ya pete na kupandwa na donge lake lote. Majani yake yapunguzwe nusu siku hiyohiyo, na mche ukae kivulini wiki mbili kabla ya kuona jua.